Kaka wa Mitetea

Kuku akiatamia vizuri, siku ya ishirini na moja vifaranga huanza kutoboa maganda, na hesabu yao haina upendeleo: karibu nusu watakuwa mitetea, karibu nusu majogoo. Kwa wiki kadhaa hakuna anayejali. Kifaranga ni kifaranga. Watoto wa nyumbani wanagombania kumshika kiganjani, mama yake anavimba manyoya na kumrukia hata mbwa. Kisha mwezi wa pili unapita, wa tatu unaingia, upanga mwekundu unaanza kuchomoza vichwani mwa baadhi yao, miguu inanenepa, na asubuhi moja nyuma ya banda inasikika sauti iliyokwama kooni, nusu mlio nusu kikohozi. Hapo ndipo mfugaji wa mjini anapoanza kukuna kichwa.

Ukipita Kashai, Hamugembe au Rwamishenye alfajiri utajua kwamba Bukoba ilipokua na kuwa mji haikuwaacha kuku nyuma. Wamo nyuma ya nyumba za kupanga, chini ya ngazi, kwenye vibanda vya mabanzi na wavu, wakichakura maganda ya ndizi yaliyotupwa baada ya kumenya matoke. Wengi wanafugwa kwa ajili ya mayai na sikukuu. Lakini umeingia pole pole ufugaji mwingine, ambao wenyewe tunauonea haya kidogo: mitetea wachache wanaofugwa kwa sababu watoto wanawapenda, na kwa sababu mtu mzima akirudi kazini jioni akakaa kwenye kigoda uani, anapata utulivu fulani kwa kuwatazama wakiingia bandani mmoja mmoja, kila mmoja akisimama kwanza mlangoni kana kwamba amesahau kitu dukani.

Kwetu mitetea wana majina. Watoto ndio waliowapa: Kanga kwa madoadoa yake, Shangazi kwa kuwa hakuna jambo la ua lisilomhusu, na Kishingo, kwa shingo yake isiyo na manyoya. Mgeni mmoja wa makamo kutoka kijijini alipotambulishwa kwao alinyamaza kidogo, akauliza, "Kuku ana jina? Sasa mtamlaje?" Swali lilikuwa la haki kabisa. Katika mkoa huu wa Kagera ng'ombe hupewa jina. Wafugaji wa ng'ombe wa pembe ndefu kule Karagwe humwita mnyama wao kwa jina naye akageuza kichwa. Mbwa naye analo. Kuku hana, kwa sababu mwisho wake unajulikana na jina lingemchelewesha tu. Ukishampa kuku jina, umeshaamua jambo fulani kuhusu sufuria, hata kama wakati ule ulidhani unawafurahisha watoto.

Uingereza lipo shirika liitwalo British Hen Welfare Trust, lililoanza mwaka 2005. Kazi yake ni kuwachukua kuku wa mayai ambao mashamba makubwa yameona hawalipi tena, na kuwagawa kwa familia zinazotaka kuwafuga uani tu, watage wasitage. Wameshagawa kuku zaidi ya milioni moja. Niliwahi kuwasimulia jamaa zangu wa Muleba habari hiyo tukiwa tumekaa tunatafuna kahawa. Walicheka hadi machozi. Kisha mmoja akafuta macho, akauliza, "Na majogoo je? Wao wanampata nani?"

Swali hilo limenikaa.

Jogoo wetu sisi hatukumnunua. Alitoka chini ya Shangazi pamoja na ndugu zake, na mpaka alipoanza kuwika tulikuwa tumeshamzoea. Watoto wakamwita Diwani, kwa kuwa kila asubuhi alizunguka ua mzima akikagua, akapiga kelele, na hakuna kilichobadilika. Jina lilimwonea. Jogoo ni mfanyakazi kuliko watu wanavyodhani. Mwage mbele yake konzi ya dagaa wa ziwani uone: badala ya kula, anainamisha kichwa, anaokota mmoja, anamwangusha, anamwokota tena, huku koo likitoa mlio wa haraka haraka wa kuwaita mitetea. Wakifika yeye hurudi nyuma hatua moja akasimama. Si wema mtupu, maana mtetea aliyeitwa mara nyingi ndiye anayekubali kupandwa, lakini mimi nimeona wanaume wengi wasio na hata adabu hiyo. Tena jogoo ana mlio wa mwewe na mlio wa paka, na haichanganyi. Mwewe akipita juu, Diwani aliinua jicho moja tu mbinguni, akatoa sauti ndefu nyembamba, na ua wote ukawa mtupu kabla mimi sijaona hata kivuli.

Mambo haya ya kuku yana wasomi wake. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewatazama kuku wa nyumbani kwao tangu utotoni, ndiye aliyeandika mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba kundi la kuku lina ngazi: fulani anamdonoa fulani, naye anamdonoa mwingine, mpaka yule wa mwisho ambaye hana wa kumdonoa. Mtoto yeyote aliyelelewa kwenye kibanja cha Kihaya angeweza kumwambia hilo bure.

Shida ikaja na sauti. Jirani yetu ni muuguzi, na anapokuwa zamu ya usiku hurudi kulala wakati mji unaamka. Anapokuwa zamu ya mchana anahitaji usingizi mpaka saa kumi na moja. Alikuja jioni, akaketi, tukasalimiana kwa urefu unaostahili, akaulizia watoto, akaulizia wazee, ndipo akasema, "Jirani, nina neno dogo. Diwani wenu anafungua kikao saa tisa usiku." Alisema akicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika usiku na mchana, na bado wakawika kwa mzunguko wa karibu saa ishirini na nne, kumaanisha kwamba saa yao iko ndani ya mwili na haingoji jua. Miaka miwili baadaye watafiti hao wakaonyesha kwamba wakiwa majogoo kadhaa pamoja, mkubwa wa ngazi ndiye huanza, wengine wakafuata kwa cheo. Mjini yote hayo yanavurugika. Taa ya ulinzi ya jirani inawaka, gari linageuza na kumulika ukuta, jogoo wa mtaa wa pili anawika bila mpangilio, na wako anajibu kwa sababu hawezi kuacha kujibu. Wazee walihesabu usiku kwa jogoo la kwanza na jogoo la pili. Kwetu yalifika ya kumi na kitu kabla hata adhana haijasikika. Waislamu wa mtaa wetu wamefundishwa kwamba jogoo akiwika ameona malaika, basi ni wakati wa kumwomba Mungu fadhila zake. Wakristo wanamkumbuka Petro. Mtu aliyetoka wodini hana nafasi ya lolote kati ya hayo.

Ufaransa waliwahi kwenda mahakamani kwa jambo hili. Jogoo aitwaye Maurice, wa kisiwa cha Oléron, alilalamikiwa na majirani waliokuwa na nyumba ya mapumziko pale, na mwaka 2019 mahakama ya Rochefort ikampa haki ya kuendelea kuwika. Januari 2021 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kama wengine, kisha nikagundua kwamba ushindi wa Maurice haunisaidii. Oléron mgeni ndiye aliyehamia kwa jogoo. Kashai jogoo ndiye aliyehamia kwa muuguzi. Watu waliponisikia nikilalamika walinitupia methali ya jogoo la shamba kutowika mjini, na mimi nikawajibu kwamba laiti ingekuwa kweli, nisingekuwa na kesi.

Basi, jogoo anaondoka. Hilo halikuwa na mjadala mrefu. Mjadala ulikuwa anakwenda wapi na kwa masharti gani, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba upendo wetu kwa mitetea ulikuwa na upande ambao hatukuwa tumeutazama.

Yuko mtu alinishauri kwa nia njema kabisa: kuanzia sasa usitotoleshe, nunua mitetea watupu. Ni kweli inawezekana. Vifaranga wa kuku wa mayai huuzwa wakiwa wameshachaguliwa jinsia, unachukua boksi lako, ndani hakuna hata jogoo mmoja, na jirani analala. Ila kila mtetea katika boksi lile alitotolewa na kaka. Kaka alibaki kule ulikotoka mzigo. Ujerumani, kabla ya kupigwa marufuku kuanzia Januari 2022, vifaranga wa kiume takriban milioni 45 waliuawa kila mwaka, siku ile ile waliyotoka kwenye yai, kwa kuwa wa mbegu hiyo hawatagi na hawanenepi haraka vya kutosha kulipia chakula chao. Anayenunua mitetea watupu amemlipa mtu mwingine ili asilione tatizo lake. Simlaumu, nimenunua hivyo na mimi. Lakini asije akaniambia kwamba yeye hana jogoo.

Na tusijifanye kwamba ni mambo ya Ulaya. Mwishoni mwa Oktoba 2017, pale Namanga, vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya waliteketezwa na serikali, kwa kuwa uingizaji wa kuku ulikuwa umepigwa marufuku tangu 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege. Hofu haikuwa ya bure: Januari ya mwaka huo huo ugonjwa ulikuwa umekutwa kwa ndege wa porini upande wa Uganda, karibu na Entebbe, kwenye ziwa hili hili tunaloliona kutoka Bukoba. Watu walisikitika sana, picha zikazunguka kwenye simu, siku chache baadaye yakaisha. Elfu sita na mia nne ni wengi mno kupewa majina.

Nirudi kwa Diwani. Ukiamua kumtoa jogoo, watu wa mjini wenye kupenda wanyama watakuambia: mpe mtu, lakini mwambie asimchinje. Nililitafakari hilo kwa muda, na kadiri nilivyolitafakari ndivyo lilivyonikera. Kagera kuku ana desturi yake ya kutolewa. Mgeni huletewa kahawa ya kutafuna, na akiona jogoo anakimbizwa uani ajue kwamba jioni hiyo haondoki. Mkwe akija, jogoo. Mwana akitoka mbali, jogoo. Na anayeondoka hupewa kuku hai, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, akampakate ndani ya basi mpaka kwake. Katika kupewa kote huko sijawahi kumsikia mtoaji akiambatanisha sharti. Hakuambii umfuge, hakuambii umle, hakuulizi baadaye. Ukimpa mtu jogoo kwa kumwekea mipaka hujampa, umemkodi awe mlinzi. Tena umemkodi mtu ambaye mara nyingi ana shida kuliko wewe, ambaye yai moja kwake lina hesabu, ili amlishe ndege wako mpaka afe kwa uzee na wewe ulale ukijisikia mwema.

Kwa upande mwingine, kumpeleka sokoni kulinishinda. Ningeweza kusema ni kwa ajili ya watoto.

Habari ikatoka Muleba, upande wa Kamachumu, kwamba bibi mmoja wa ukoo wetu anatafuta jogoo wa mbegu. Wake alikuwa mmoja kwa miaka, amewapanda mabinti zake na wajukuu zake, na damu ikawa moja: mayai hayatotoi vizuri, vifaranga wanatoka dhaifu, wengine na miguu iliyopinda. Dawa ya hilo vijijini ni ya zamani na haihitaji daktari. Jogoo anatoka kijiji kimoja kwenda kingine, wake anachinjwa au anabadilishwa, damu mpya inaingia. Yaani yule yule ambaye Kashai alikuwa kero, kilomita kadhaa kusini alikuwa anasubiriwa.

Lazima niseme neno juu ya kuku wa Muleba na wanawake wa Muleba, kwa sababu bila hilo mtu atadhani naeleza habari ya ndege tu. Kwa mila, kibanja kilikuwa cha ukoo. Mwanamke aliweza kukipalilia maisha yake yote, akaweka nyasi na samadi kwenye kila shina la mgomba, asiwe na ruhusa ya kuuza hata kipande. Kesi iliyoligusa hilo ilianzia huko huko, Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, baada ya mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake na ndugu wa ukoo kupinga. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo ilikwenda kinyume na Katiba. Wanasheria wanaijua kama kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Miaka yote kabla ya hukumu ile, na mingi baada yake, kuku alikuwa miongoni mwa mali chache ambazo mwanamke angeweza kuziuza bila kuitisha kikao cha wanaume. Hata kula kwenyewe kulikuwa na mipaka. Jirani zetu Waganda walimkataza mwanamke kuku na mayai. Kwetu mwiko uliovuma zaidi ulikuwa wa senene, ambao wanawake waliwakamata na wanaume wakawala. Na firigisi mpaka leo katika nyumba nyingi inajua njia ya kwenda sahani ya baba.

Kisha ukaja ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, huko huko Kamachumu. Waliokufa walikuwa wa umri wa kuzaa na kulima, na waliobaki walikuwa bibi na wajukuu. Pale Nshamba likaanza shirika la Kwa Wazee mwaka 2003, likiwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, jambo ambalo lingepaswa kuwa la kawaida na bado si la kawaida. Lakini katika nyumba zisizo na pensheni, daftari, chumvi na kipande cha sabuni vilitoka chini ya mtetea. Bibi huyu aliyetaka jogoo alilea wajukuu hivyo. Hakuna hata kuku wake mmoja mwenye jina, na anamjua kila mmoja kuliko mimi ninavyowajua wangu: huyu mama yake alikuwa mwizi wa mayai, huyu anataga porini, huyu ana kifua kibovu msimu wa mvua.

Kabla ya safari tulimchanja Diwani. Hapa sitanii, maana jogoo wa mjini anaweza kuwa zawadi au anaweza kuwa msiba. Kideri kikiingia kwenye kundi lisilochanjwa kinaweza kulimaliza ndani ya wiki: kuhara kijani, shingo kupinda, mabawa kushuka, asubuhi banda lina harufu. Chanjo ya I-2 inatengenezwa nchini, Kibaha. Ni tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu, na inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, ndiyo maana inafika vijijini kusiko na friji. Tukasubiri imkolee. Muuguzi aliposikia tunasubiri chanjo alielewa haraka kuliko mtu yeyote, akavumilia.

Safari yenyewe haina mengi. Diwani alikaa kwenye tenga lililofunikwa kanga, konda akataka kumweka nyuma na mizigo, watoto wakakataa, mwishowe akasafiri miguuni petu. Akawika mara moja tukiwa Kemondo, na mara ya pili tulipokaribia Muhutwe, na abiria mmoja mzee akasema kwamba afadhali huyu anayejua kufika mahali na kutangaza.

Bibi alitupokea mbele ya nyumba, chini ya migomba. Tukampa "Nyegera waitu" yetu, akaitikia kwa kila mtoto peke yake. Kahawa ikaja kwenye kikapu kidogo. Jogoo akabaki tengani mpaka salamu zilipoisha, kwa sababu mtu hupokelewa kwanza, mali baadaye. Ndipo bibi akamtoa. Sijawahi kuona ukaguzi wa namna ile. Alimlaza chali juu ya mapaja, mkono wa kushoto umeshika miguu yote miwili, na kidole gumba cha kulia akakipitisha kwenye mfupa wa kifua kutoka juu hadi chini, kupima nyama. Akapuliza manyoya chini ya bawa, yakafunguka, akaangalia ngozi kama ina utitiri. Akatazama macho, akanusa mdomo. Akakunja kidole cha mguu, akagusa vikwaru vilivyokuwa ndio kwanza vinachipua, akavilinganisha na kucha yake mwenyewe. Diwani, ambaye Kashai hakukubali kushikwa na mtu mzima, alitulia kimya huku jicho moja likimtazama bibi.

"Jina lake nani?" akauliza. Alikuwa amesikia habari zetu.

"Diwani," akasema mdogo.

"Wa chama gani?"

Tukacheka. Mtoto akaona ndiyo nafasi, akauliza alilokuwa nalo tangu stendi ya Bukoba: "Bibi, utamchinja?"

Bibi hakumdanganya, na kwa hilo namshukuru kuliko kahawa. "Akifanya kazi atakaa. Asipofanya, mkwe wangu anakuja Desemba." Kisha akamgeuzia swali. "Nyinyi hamli kuku?"

"Tunakula."

"Kuku wa nani?"

"Wa dukani."

Bibi akamtazama kwa muda, akamtazama na jogoo, akasema "Haya," akanyanyuka. Hakuongeza kitu. Nilikuwa nimejiandaa kumsaidia mtoto kujibu na nikakuta sina cha kumsaidia nacho. Sisi nyumbani tuna kuku tunaowapenda na kuku tunaowala, na kitu kinachowatenganisha ni kwamba hawa wa pili hatukuwahi kuwaona wakiwa na vichwa. Bibi ana kundi moja tu. Anayelishwa, anayetibiwa, anayeuzwa na anayechinjwa ni yule yule, na anamjua kwa uso. Sisemi kwamba yeye anawapenda kuliko sisi. Nasema kwamba hesabu yake imefungwa, na yetu ina deni dukani.

Masharti ambayo mimi nilikataa kuyaweka, aliyaweka yeye kwa namna yake. Alimfunga Diwani mguu kwa kamba ya mgomba kwenye mti wa kibanda cha jiko, mbali na wengine, akae hapo mpaka aizoee nyumba na mpaka ionekane kama hana ugonjwa alioficha. Akamwekea maji kwenye kigae na kiganja cha pumba. Halafu akatuambia kwamba yule mtetea mweusi akitotoa, tuje tuchukue kifaranga, kwa sababu mbegu ni yetu. Watoto wakaruka kwa furaha. Mimi nikamuuliza kama itawezekana tupate mtetea. Akasema kifaranga hachaguliwi; ukimchukua umemchukua, utajua mbele ya safari ni nani.

Nyumbani ua umebadilika kuliko nilivyotarajia. Kishingo amejipandisha cheo. Ndiye sasa anayesimama wengine wakila, anayeinua jicho mbinguni, na siku moja alinyoosha shingo, akafungua mdomo na kutoa sauti ambayo sitaiita kuwika kwa heshima ya wanaowika. Wafugaji wa zamani wangemchinja siku hiyo hiyo, maana mtetea anayewika aliogopwa kuwa mkosi katika sehemu nyingi. Mimi nilimwangalia tu. Muuguzi alisema hakusikia kitu.

Na Shangazi akaatamia. Watu wengi hawajui kwamba mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini mwake, akaendelea kutaga mayai yenye uhai kwa wiki mbili, pengine zaidi, baada ya jogoo kuondoka. Ningeweza kuyatoa mayai yale na kuyapika. Yalikuwa bado mabichi, na mke wangu alinikumbusha kwa upole kwamba tumetoka tu kumhamisha jogoo mmoja. Nikayaacha. Vifaranga wametoka, na mmoja ana shingo tupu, jambo linaloonyesha kwamba Kishingo alikuwa akitaga kwenye kiota cha mwenzake.

Juzi jirani alikuja kuwaona. Akachuchumaa mbele ya banda bado amevaa sare ya kazi, akawahesabu kwa kidole, akauliza majogoo ni wangapi. Nikamwambia bado ni mapema kujua.

"Basi mmoja wa Krismasi niwekee mimi," akasema, akanyanyuka na kujipangusa magoti. "Ila msimpe jina."